Kasi ya 95 Inalipiwa na Nani?

Agosti 2003 ulitoka mchezo wa kompyuta uitwao Madden NFL 2004, unaoiga futiboli ya Kimarekani ya ligi kuu yao, NFL. Jaladani alikuwapo Michael Vick, kwotabeki (mrushaji na kiongozi wa mashambulizi) wa timu ya Atlanta Falcons, na ndani ya mchezo alipewa alama 95 za kasi, katika nafasi ambayo wengi wa wenzake hukimbia kama wamebeba magunia. Walioucheza bado wanausimulia. Mbinu hazikuhitajika: unapokea mpira, unarudi nyuma hatua chache, unakata kwenda pembeni, na walinzi wote kumi na mmoja wanabaki kukufukuza kama watu wanaomkimbiza kuku wa sikukuu. Marafiki wengi walijitungia sheria yao: Falcons haichaguliwi.

Tarehe 16 ya mwezi huohuo, Vick mwenyewe alivunjika mguu wa kulia katika mechi ya maandalizi dhidi ya Baltimore Ravens. Huku vijana wakiangamizana kwa miguu yake sebuleni, mwenye miguu alikuwa anauguza mfupa, na sehemu kubwa ya msimu ikampita.

Kisa hiki kina ndugu yake mkubwa. Tecmo Super Bowl, mchezo wa Nintendo wa mwaka 1991, ulimfanya Bo Jackson wa Los Angeles Raiders kuwa mtu asiyekamatika. Aliweza kukimbia kwenda mbele, kurudi nyuma, kuzunguka uwanja mzima ili kupoteza muda, kisha akafunga. Januari ya mwaka huohuo Jackson halisi alikuwa ameumia nyonga, na hakucheza tena futiboli maishani. Mchezo ulipofika madukani, yeye alikuwa ameshaaga uwanja.

Naanza na hawa wawili kwa sababu ubishi wote kuhusu uhalisia katika michezo ya kuiga futiboli ya Kimarekani umejificha ndani yao. Mtu akilalamika kwamba mchezaji fulani amezidishwa, kwa kawaida anabishia namba. Lakini namba ya Vick haikuwa ya uongo. Mwaka 2006 alikuwa kwotabeki wa kwanza katika historia ya NFL kukimbia zaidi ya yadi 1,000 kwa msimu mmoja. Jackson naye aliondoka na wastani wa yadi 5.4 kila alipobeba mpira, wakati wakimbiaji wa kawaida hupata nne na kitu. Kasi ilikuwa ya kweli. Kilichosahaulika ni bei yake: mguu unaovunjika, pumzi inayokata robo ya nne ya mechi, kocha anayekukataza kukimbia kwa sababu klabu imekulipa mamilioni na haina kwotabeki mwingine wa maana.

Mechi zinazochezwa umelala

Michezo ninayoizungumzia zaidi hapa ni ile ya mtandaoni ambamo hushiki kifaa cha kuchezea. Unakuwa meneja: unachagua wachezaji, unaandika mpango wa mechi, kisha unakwenda kulala na kompyuta ya mahali fulani inaicheza mechi peke yake. Au unamiliki mchezaji mmoja tu, unamlisha pointi za mazoezi wiki hadi wiki kama mtu anayenenepesha ng'ombe, na mwenye timu anampanga pamoja na wengine ambao kila mmoja ana mmiliki wake. Mimi nimo kwenye ligi ya aina ya kwanza kwa misimu kadhaa sasa. Wenzangu wengi wako Marekani, kwa hiyo mechi huchezwa saa kumi alfajiri kwa saa zetu, nami husoma matokeo kabla ya kupiga mswaki.

Kwa aliyezoea mpira wa miguu, machache yanatosha. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi, ambazo ni mita tisa na kidogo. Ikifaulu inapewa mengine manne. Ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani, ndiyo maana jaribio la nne mara nyingi hutumika kuupiga mpira mbali kwa mguu. Kuufikisha ng'ambo ni tachidauni, pointi 6. Unaweza kukimbia nao au kuurusha. Kwotabeki ndiye anayeanzisha karibu kila kitu, na mbele yake wanasimama watu watano wakubwa ambao kazi yao ni kuzuia asifikiwe.

Mke wa mvuvi hapiki wastani

Mtengenezaji anayeanza huanzia kwenye takwimu, kwa kuwa za futiboli zimejaa tele. Anaona kwamba katika miaka ya karibuni mkimbiaji wa NFL hupata kati ya yadi 4.2 na 4.5 kila anapobeba mpira. Basi anaiandika injini yake, yaani programu inayochezesha mechi, impe mkimbiaji wa kawaida yadi 4.3, nyongeza kidogo kwa aliye bora, punguzo kidogo kwa dhaifu. Anaendesha mechi elfu moja za majaribio, anapiga hesabu, anapata 4.3. Anafurahi.

Sasa mpe mkimbiaji wake mpira mara tatu. Nne nukta tatu mara tatu ni 12.9. Yadi kumi zimeshapatikana bila kugusa jaribio la nne. Rudia tena, na tena. Timu hii haizuiliki. Kila ikishika mpira inafika mwisho wa uwanja, na hakuna atakayeupiga mpira kwa mguu mechi nzima. Wastani ni sahihi hadi nukta, ila kinachoonekana uwanjani si futiboli.

Uwanjani hali ni nyingine. Mbio nyingi huishia yadi mbili au tatu, baadhi hurudi nyuma, na wastani hupandishwa na zile chache zinazopasua ukuta na kwenda yadi 20, 40, hata 80. Mvuvi anayepata vibua viwili siku tisa na jodari siku ya kumi ana wastani mzuri sana, lakini mke wake hapiki wastani. Anapika kilicholetwa leo. Vivyo hivyo jaribio la tatu likiwa limebaki yadi nne: hujui kama hii ni siku ya vibua au ya jodari, na mashaka hayo ndiyo yanayomfanya kocha aumize kichwa.

Nalikazia hili kwa sababu ndipo suala la mizani, yaani asiwepo mchezaji mmoja anayezidi wote hadi mchezo uharibike, linapopata jibu ambalo halihitaji kumdanganya mtu. Katika injini ya wastani, kasi ya 95 ni nyongeza ya nusu yadi katika kila mbio, bila kukosa. Mchezaji huyo ni bora kuliko wote, siku zote, na hakuna sababu ya kumnunua mwingine. Katika injini inayoiga mtawanyiko, kasi hailipi chochote mpaka mkimbiaji awe ameshapita ukuta wa kwanza. Akiangushwa kwenye yadi ya pili, kasi yake ilikuwa pambo tu. Akipenya, mbio za yadi 20 zinakuwa za 60. Mwenzake mzito, mwenye miguu migumu kuangusha, hapasui kamwe, ila anakupa yadi tatu kila unapozihitaji. Hapo meneja ana kitu cha kuamua. Sijamshusha mwenye mbio hata alama moja. Nimeuliza tu kasi inafanya kazi saa ngapi.

Hakuna anayetaka kuwa tofali

Kosa linalofuata ni kudhani kwamba alama moja ya uwezo ina thamani ileile katika kila nafasi.

Wachukue wale watano wa mbele. Tuseme kila mmoja ana uhakika wa asilimia 90 wa kumzuia mtu wake kwa muda unaotosha kurusha mpira. Inasikika vizuri. Lakini kwotabeki yuko salama pale tu wote watano wanapofaulu kwa pamoja, na 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9 ni 0.59. Maana yake mara nne katika kumi kuna mtu anamjia usoni. Wapandishe wote hadi asilimia 95, inakuwa 0.77. Washushe wote hadi 85, inakuwa 0.44. Tofauti ya tano juu au tano chini, ambayo kwenye kadi ya mchezaji huioni kama kitu, imezaa timu mbili zisizofanana hata kidogo.

Sasa nunua nyota. Wanne wabaki 90, wa tano awe 99: unapata 0.65. Umetoa fedha za nyota kwa nyongeza ndogo hivyo. Kinyume chake, wanne wa 90 na mmoja wa 70 wanakushusha hadi 0.46. Ukuta huu unapimwa kwa tofali lake bovu. (Nimerahisisha, najua. Uwanjani wanasaidiana, na kwotabeki mjanja huurusha mpira kabla ya kufikiwa. Lakini mwelekeo ni huohuo.) Kwa wapokeaji, wale wanaodaka pasi, mambo yamegeuka: ukiwa na watatu wa kawaida na mmoja anayeruka kama mlingoti, kwotabeki anamrushia huyohuyo, na ubovu wa wengine haukuumizi sana. Nafasi moja inamlipa mwenye nyota, nyingine inamlipa asiye na pengo. Mchezo unaouza alama zote kwa bei moja lazima upotoke, hata kama kila namba imepimwa kwa rula.

Kwenye michezo ya kumiliki mchezaji mmoja mmoja, jambo hili linakuwa kero ya kibinadamu. Nani anataka kuwa tofali? Mzuiaji hana tachidauni, hana yadi, hana cha kujivunia asubuhi. Wamiliki wanakimbilia kuwa makwotabeki na wapokeaji, wazuiaji wanakosekana. Mtengenezaji akiona huruma anamwongezea mzuiaji mmoja mmoja nguvu ili mwenye naye aone matunda. Basi hesabu ya watano inalipuka: marafiki watano wakikubaliana kulea wazuiaji pamoja, kwotabeki wao haguswi msimu mzima, na ligi inaingia vurugu. Nadhani dawa iliyo sawa hapa si nguvu bali sifa: mpe mzuiaji takwimu zake, aonekane alimzuia nani mara ngapi, na uwezo wake uuache ulivyo.

Kuna pia suala la nani anapambana na nani. Ukitumia hesabu ya mstari ulionyooka, mwenye 100 dhidi ya mwenye 60 hatashindwa kamwe, na mambo ya namna hiyo hayapo duniani. Wachezaji wa sataranji walilitatua zamani kwa kanuni ya Arpad Elo ya kupima viwango vya wachezaji, ambamo tofauti ya pointi 200 humpa aliye juu matumaini ya asilimia kama 76, na tofauti ya 400 humpa 91. Tofauti inaongezeka maradufu, faida haiongezeki maradufu. Mkunjo huo ukiingizwa kwenye futiboli, alama za mwanzo zinakuwa rahisi na zenye faida, za mwisho zinakuwa ghali na zenye faida ndogo.

Wapo wanaouita mkunjo huu ulemavu wa makusudi, wakisema nyota amefungwa kamba. Waangalie mbio za yadi 40 ambazo chipukizi hupimwa kila mwaka kabla ya kuchaguliwa na timu. Mwaka 2017 John Ross alizikimbia kwa sekunde 4.22. Rekodi hiyo ilivunjwa mwaka 2024 na Xavier Worthy, kwa sekunde 4.21. Miaka saba, na vijana wenye mbio kuliko wote katika taifa kubwa kama lile, kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Mwili wenyewe unatoza ushuru mkali ukikaribia kilele. Mchezo unaokuuzia alama ya 99 kwa bei ya alama ya 71 ndio usio na uhalisia.

Namba ambazo haziandikiki kwenye kadi

Mwaka 2000 timu zilichagua wachezaji 198 kabla ya mtu yeyote kumtaka kwotabeki Tom Brady. Yadi 40 alizikimbia kwa sekunde 5.28, mwendo ambao ungemfaa mzuiaji wa kilo 140. Ungemtengenezea kadi siku ile, angekuwa mchezaji wa kujazia benchi. Alistaafu na mataji saba ya Super Bowl, fainali ya ubingwa wa NFL.

Upande wa pili yupo Mkenya Daniel Adongo. Alitoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwa amecheza futiboli ya Kimarekani kabla ya hapo. Umbo alikuwa nalo, mbio alikuwa nazo, kugonga mtu alikujua. Kadi yake ingekuwa ya kutisha. Lakini mlinzi wa katikati hulipwa kwa kusoma, katika sekunde mbili, kama wale watu kumi na mmoja mbele yake wanakwenda kukimbia au kurusha au wanamwigizia, na ujuzi huo wenzake walikuwa wameuanza tangu shule. Alicheza mechi chache, zaidi kwenye vikosi vya kupiga na kupokea mpira.

Michezo mingi huliweka jambo hili katika sifa moja iitwayo uelewa, kisha inaionyesha wazi pembeni ya kasi na nguvu. Naona hapo uhalisia unapotea kimyakimya kuliko mahali pengine. Ligi halisi inaishi kwa kutojua. Timu zinakosea kwa sababu hazioni namba; zinaona mkanda wa video, saa ya mbio na uvumi. Ligi ya mtandaoni ambamo kila meneja anaona uelewa wa chipukizi ni 41 na kilele chake ni 88 haiwezi kumzaa Brady. Ligi nyingine huficha namba hizo au kuzionyesha kwa makadirio yanayopishana kati ya timu na timu. Mameneja hulalamika kwamba wanacheza kamari. Naam, wanacheza. Na mizani inatengemaa yenyewe, maana tajiri naye anakosea.

Binadamu akishapata mwanya

Tuseme sasa namba zote ziko sawa, mtawanyiko upo, mkunjo upo, uelewa umefichwa. Bado ligi itaharibika ndani ya misimu miwili. Watakaoiharibu ni mameneja.

Injini hupimwa kwa kuwachezesha makocha wa kompyuta wanaochanganya mbio na pasi kama wafanyavyo makocha halisi. Kisha inafunguliwa kwa mameneja wa kweli, na meneja hana haja ya kufanana na kocha. Anataka kushinda. Anagundua kwamba pasi fupi fulani kwenda kulia huleta yadi 7.5 badala ya 7, anaipiga mara 50 katika mechi moja, na tangu hapo takwimu za ligi zinakwenda zake.

Uwanjani hawezi kufanya hivyo kwa sababu wapinzani wana macho. Futiboli ni kama mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi uliovikwa kofia ngumu. Mbio hushinda ulinzi uliotawanyika, ulinzi uliojazana mbele huzima mbio, pasi huadhibu waliojazana, na uvamizi wa ghafla humwahi kwotabeki kabla pasi haijaiva. Tecmo Super Bowl, pamoja na Bo wake, ulilijua hili: mshambuliaji alikuwa na mbinu nane tu za kuchagua, nne za mbio na nne za pasi, na mlinzi akibahatisha ileile, kilio. Mwaka 1928 John von Neumann alithibitisha kihesabu kwamba katika mapambano ya namna hii kuna kiwango sahihi cha kuchanganya, na anayekiuka kiwango hicho anaadhibiwa. Ila adhabu inahitaji mtu wa kuitoa. Injini ambayo ulinzi wake hausomi ulichofanya wiki iliyopita imemtoa mwamuzi uwanjani.

Ndiyo maana ligi nyingi huweka kumbukumbu: mbinu ikirudiwa, walinzi wanaizoea, na faida yake inashuka. Wapo wanaokereka. Wanasema mchezo unawaadhibu kwa kuwa wajanja. Mimi nasema hilo ndilo lililo karibu zaidi na ukweli kuliko yote, kwa kuwa NFL ina watu wanaolipwa mishahara kutazama mikanda ya wapinzani usiku kucha.

Hata hivyo ukweli nao haukubali kukaa sawa. Philadelphia Eagles walibuni namna ya kupata yadi moja iliyobaki: kwotabeki Jalen Hurts anaupokea mpira, anainama, na wenzake wanamsukuma kutoka nyuma kama watu wanaokwamua lori kwenye tope. Kila mtu uwanjani anajua kinachokuja, na bado inafaulu mara nyingi mno. Mwaka 2025 Green Bay Packers walipendekeza ipigwe marufuku. Kura 24 kati ya 32 zilihitajika, zilipatikana 22. Msukumo ukabaki halali. Sasa mtengenezaji afanye nini? Akiuiga ulivyo, kila timu ya mtandaoni itasukuma kila ikibakiza yadi moja, pamoja na zile zisizo na Hurts wala wazuiaji wa Eagles. Uhalisia wa kweli ungekuwa kuuruhusu na kudai gharama: wazuiaji watano wazima, kwotabeki mwenye mapaja ya mnyanyua vyuma, muda wa mazoezi uliochukuliwa kutoka kwa mbinu nyingine. Tunarudi palepale pa bei.

Tena NFL yenyewe hurekebisha mchezo wake kama mtengenezaji yeyote wa programu. Mwaka 1977 kila timu ilifunga wastani wa pointi 17.2 tu kwa mechi. Walinzi walikuwa wamewashika wapokeaji hadi pumzi. Mwaka 1978 sheria zikabadilika: mlinzi asimguse mpokeaji zaidi ya yadi tano kutoka mstari jaribio linapoanzia, na mzuiaji aruhusiwe kunyoosha mikono akiwa amefungua viganja. Pasi zikafufuka. Mwaka 2015, baada ya kuona kwamba teke la pointi ya nyongeza linalofuata tachidauni linafaulu zaidi ya mara 99 katika 100 na watazamaji wanalitumia kwenda chooni, ligi ililisogeza nyuma likawa la yadi 33. Kwa hiyo mtu akiniambia "rekebisho hili si la kihalisia, wacheni mchezo kama ulivyo," namuuliza: ulivyo mwaka gani?

Fedha, na jambo la bahati

Kwa uchumi nitapita haraka, maana hapa ligi halisi imeshatoa mfano wa kunakili. Kikomo cha mishahara kilianza 1994 kwa dola milioni 34.6 kwa kila timu. Mwaka 2024 kilikuwa milioni 255.4. Aliyeshika mkia huchagua chipukizi wa kwanza. Vitu hivi viwili vikinakiliwa vizuri, nusu ya kazi ya mizani imekwisha. Matatizo ya mtandaoni ni ya aina yake: mtu mmoja kumiliki timu mbili kwa majina tofauti, meneja kupoteza mechi makusudi ili apate chipukizi, na wachezaji kukua kila msimu bila kuzeeka mpaka ligi nzima ina alama 95 na namba haina maana tena. La mwisho ndilo huua ligi taratibu. Mkimbiaji wa NFL akikaribia miaka 30 miguu huanza kumsaliti. Ukimwachia wa mtandaoni abaki kileleni hadi 36, chipukizi hana pa kuingia.

Bahati ndiyo inayozua matusi. Timu yako ni bora kwa kila namba, umelala ukiwa na uhakika, unaamka umefungwa na timu ya mkiani. "Mashine imeiba!" Lakini fanya hesabu. Timu inayopewa asilimia 75 ya kushinda kila mechi, katika msimu wa mechi 17, ina nafasi chini ya moja katika mia ya kumaliza bila kupoteza. Tangu msimu wa NFL uwe wa mechi 16 au zaidi, yaani tangu 1978, New England Patriots wa 2007 pekee ndio waliomaliza msimu wa kawaida bila doa, nao wakafungwa 17–14 na New York Giants kwenye Super Bowl. Ikiwa ligi yako ina bingwa asiyefungwa kila msimu, injini yake haina bahati ya kutosha, au matajiri wake hawana kikomo. Ukitaka kuipima ligi kabla ya kujiunga, acha kutazama kadi za nyota. Tazama msimamo wa misimu iliyopita, uhesabu bingwa alipoteza mechi ngapi.

Msimu uliopita nami nilikuwa na Vick wangu. Kwotabeki wa kubuni, kasi 94, nilimpata kwa bei ya kutupa kwa sababu mkono wake ulikuwa dhaifu. Nilimwandikia mpango wa kukimbia mara kumi na tano kwa mechi. Miezi miwili kabla, msimamizi wa ligi alipouliza maoni, ni mimi niliyeandika aya ndefu nikidai majeraha yawe ya kweli, kwotabeki anayekimbia sana aumie kama wanavyoumia duniani. Wiki ya tano, saa kumi na moja alfajiri, mswaki mdomoni, nikasoma mstari wa kwanza wa ripoti: ametolewa robo ya pili, nyonga, nje msimu mzima. Ombi langu lilikuwa limekubaliwa.